Jean-Pierre Bemba wa Kongo au James Kabarebe wa Rwanda: nani alivuka vizuri zaidi kutoka vitani hadi wizarani?

Vitani, Kabarebe anaongoza. Alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo chini ya Laurent Kabila. Kabila alipomtimua, Agosti 1998 aliwarusha askari kwa ndege kutoka Goma hadi Kitona, karibu na bahari, wakaliteka bwawa la umeme la Inga na Kinshasa ikabaki gizani. Bila Angola na Zimbabwe kuingilia, pengine mji ungeanguka. Bemba alianzisha kundi la waasi la MLC mwaka huohuo kwa msaada wa Uganda, akatawala kaskazini mwa Kongo akiwa mji wa Gbadolite. Pesa za familia yake hazikumdhuru.

Wizarani, tofauti ni muda. Kabarebe alishika ulinzi wa Rwanda kuanzia 2010 hadi 2018. Bemba alipewa ulinzi wa Kongo Machi 2023, waasi wa M23 wakiwa wameshachachamaa mashariki, na mwaka uliofuata akahamishiwa uchukuzi.

Mashtaka ndiyo yanayowasha ubishi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimfunga Bemba kwa makosa ya askari wake huko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikamhukumu miaka 18 mwaka 2016, kisha rufaa ikamwachia 2018. Kuachiwa si kusafishwa, wasema wahanga. Hata hivyo alisimama kizimbani. Kabarebe hajafika huko, ila Marekani ilimwekea vikwazo Februari 2025 kwa kuhusishwa na M23.

Ukipima kwa kura, mtazame Bemba, aliyepata asilimia 42 hivi duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Kongo 2006. Ukipima kwa kudumu karibu na rais mmoja, Kagame, mtazame Kabarebe. Ukiwa umekimbia vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, huenda usimtake yeyote.