Uzoefu wangu: lifti ya boti na mbao za kulalia kwa boti yenye stepu, Mikindani

Nimeulizwa sana na manahodha wenzangu wa hapa Mikindani na wengine wa Lindi kuhusu ile lifti (mtambo wa kunyanyua boti nje ya maji) tuliyofunga kwa ajili ya boti ya bosi, sasa naandika yote hapa mara moja. Boti si yangu ila mimi ndo nahodha wake, nashinda nayo, na tumbo lake nalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ni ya faiba, futi 24, mashine mbili za foustroki nyuma, tunapeleka wageni kuvua na ikifika mwezi wa nane mpaka wa kumi tunawapeleka kuangalia nyangumi. Chini ina stepu mbili.

Kwa asiyejua, boti ya kawaida tumbo linaenda moja kwa moja mpaka nyuma. Yenye stepu tumbo limekatwa kwa upana, linapanda ghafla sentimita kadhaa, linaendelea kurudi nyuma huku likishuka taratibu, halafu linakatwa tena. Ikikimbia hewa inaingia kutoka ubavuni inapita hapo kwenye mkato, kwa hiyo maji yanalishika tumbo sehemu ndogo tu, chombo kinakuwa chepesi na mafuta yanaokoka. Wazo lenyewe la zamani, mchungaji mmoja wa Uingereza anaitwa Ramus alilipeleka kwa jeshi la majini la kwao mwaka 1872, na ndege zinazotua majini nazo zina stepu vilevile. Baharini ni raha tupu, kazi inaanza ukitaka kuilaza nje ya maji.

Lifti ni ya nguzo nne, chuma cha galvanaizi, winchi za umeme, ilikuja na mbao mbili ndefu zimenyooka, zimevishwa kapeti. Aliyetuuzia akamwambia bosi inabeba boti yoyote ile. Uzito kweli inabeba, hilo sibishi. Ila siku ya kwanza tuliyoinyanyua nikaingia chini na tochi, nikaona mwanga unapita kati ya ubao na tumbo karibu urefu wote wa nyuma. Boti ilikuwa imelalia ukingo wa stepu ya kwanza, ukingo wa stepu ya pili na ukingo wa mwisho kabisa pale chini ya mashine, basi. Sasa piga hesabu mwenyewe, mashine za HP 115 kila moja ni zaidi ya kilo 160, tenki likiwa na lita 300 za petroli hapo una kilo mia mbili na ushee nyingine, vyote vipo nyuma, na vyote vinakandamiza kwenye vikingo vyembamba vya faiba usiku kucha, wiki hadi wiki. Kwanza ile rangi ngumu ya juu inapasuka, maji yanaingia kwenye tabaka za faiba. Pili, na hili watu wengi hawalifikirii, ule ukingo unatakiwa ubaki mkali ili maji yaachie pale na hewa ipite, ukibondeka ukawa wa mviringo maji yanaufuata yanaendelea kung'ang'ania tumbo, stepu inabaki pambo.

Fundi wa yule muuzaji alishauri tuongeze kapeti nene. Nilikataa palepale, maana kapeti halijazi pengo la sentimita nne, linabanwa tu ukingoni na kwingine linabaki hewani. Nikamwomba bosi aingie chini aone kwa macho yake, akatoka akasema tafuta mtu.

Mtu niliyempata ni mzee anayeunda mashua, hajawahi kufanya lifti maishani mwake, ila alivyopitisha mkono tu chini ya boti akaniambia, "Mwanangu, chombo kinatakiwa kilale na mwili wote, hiki mmekichuchumalisha." Nikamwambia sawa mzee, kazi ni yako. Na kwa kweli kazi yake ndo sababu kubwa ya mimi kuandika.

Hakugusa ubao kwanza. Aliingia ndani ya boti akafungua mifuniko ya sakafu akatafuta ile mihimili mirefu ya ndani inapopita, akagongagonga kwa nje kuhakikisha, akatia alama ya chaki. Mbao za kulalia lazima zikae chini ya mihimili hiyo, ukiziweka katikati ya uwazi unasukuma ngozi tupu ya faiba, na zikwepe ile mikunjo ya chini pamoja na kile kidude cha fishifainda (chombo cha kutafutia samaki). Halafu tukaitegemeza boti kwa muda na magogo na viroba vya mchanga, huku na huku tumepiga gadi (miti ya kuiegemeza), akavuta uzi kutoka mbele mpaka nyuma kwenye mstari wa chaki (si kwenye mkuku, ule uti wa katikati chini, maana mbao hazikai pale) akawa anapima pengo kila sentimita kumi. Vipimo akavihamishia kwenye plaiwudi, akakata paterni, akaijaribu, akapunguza kwa randa, akajaribu tena, mpaka karatasi ikawa haipiti.

Ndo akachonga kabari za mkongo. Ziko nne, mbili kila upande, nene mbele nyuma tu ya stepu halafu zinakwisha taratibu kuelekea nyuma. Jambo zuri alilofanya ni kwamba pale penye ukingo wenyewe kaacha nafasi kama vidole vinne, ukingo unaning'inia haugusi kitu. Na mbao zote mbili zimefika mpaka mwisho wa boti kabisa, kwa sababu mashine zikibaki zinaning'inia nje ya ubao tumbo linajipinda pole pole na boti iliyopinda chini haikimbii tena sawa. Boliti ni za stenlesi, vichwa vimezamishwa ndani ya mbao.

Kapeti tulilitoa, linashika chumvi na mchanga unageuka msasa. Tumeweka mpira wa mkanda wa konveya. Unaacha weusi kidogo kwenye rangi nyeupe, nakubali, ila kwenye lifti boti hainyanyuki kwa kuteleza kama kwenye trela, kwa hiyo kushika kwa mpira hakunisumbui. Mwenye trela aangalie plastiki ngumu.

Sasa mbao zikishachongwa hivi, boti lazima ikae palepale kila siku. Ikiwa mbele au nyuma kidogo tu, kabari inakutana na ukingo na unaharibu kuliko mwanzo. Tumesimamisha mabomba manne ya kuongoza pembeni, kizuizi cha omo mbele, na alama ya rangi kwenye nguzo ilingane na alama ubavuni, nisipoiona imelingana sibonyezi winchi. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa, maji hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo unavuta, kwa hiyo naingia maji yakiwa yamesimama. Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hayana shida.

Lifti yenyewe naipa nne kati ya tano. Winchi zina nguvu na hazipigi kelele, ila haikuja na njia ya kunyanyua kwa mkono, umeme ukikatika boti iko nusu unakaa unaangalia, ikabidi tuongeze cheni bloku. Waya nazo zinataka kuoshwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila wiki. Kazi ya mbao naipa tano kati ya tano bila kusita, mzee alichukua muda ila alikuwa anarudi kila maji yakituruhusu mpaka karidhika yeye mwenyewe.

Mkongo ukishanywa maji unavimba kidogo, kwa hiyo baada ya wiki chache za mwanzo pitisha tena karatasi kila mahali na ukaze boliti. Stepu ikiwa moja kazi ni nusu, kabari moja kila upande. Paterni yetu tumeitunza stoo, mwenye boti ya tumbo kama hili aje aipime kwanza kabla hajanunua mbao.