Saa 26 za usiku: uzoefu wangu wa siku tano kwenye hoteli ya kapsuli, Shinjuku

Karatasi iliyobandikwa mapokezi ya hoteli ile, ambako mgeni hulala ndani ya kijisanduku badala ya chumba, ilisema wageni wanapokelewa hadi saa 26:00. Nilikuwa nimetoka uwanja wa ndege wa Haneda, begi langu mgongoni, nimewahi moja ya treni za mwisho kuingia Shinjuku, sehemu ya jiji la Tokyo, na simu yangu ilikuwa inasoma 00:50, tarehe 14 Novemba. Nafasi nilikuwa nimeweka kuanzia tarehe 14. Kijana wa mapokezi akalitafuta jina langu, akaliona, akainamisha kichwa, kisha akaandika kwenye programu ya kutafsiri: nafasi yako inaanza kesho. Kesho ipi? Kwa hesabu ya pale tulikuwa bado tarehe 13, saa 24:50.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo ningependa mtu aniambie kabla sijalipa. Japani, biashara nyingi za usiku huendelea kuhesabu saa za siku ileile hata baada ya saa sita usiku kupita. Saa saba ni 25, saa nane ni 26, na baa inayofunga saa kumi na moja alfajiri huandika mlangoni 29:00. Siku haiishi mpaka watu wa usiku wakalale. Sisi tumelelewa kinyume: jua likizama, siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa kuamkia siku ya pili. Nilipoweka nafasi ya tarehe 14, kichwani mwangu nilikuwa nimehesabu usiku wa kuamkia tarehe 14. Kwao usiku huo ni mali ya tarehe 13. Bahati nzuri kapsuli zilikuwepo, nikalipia usiku mmoja wa ziada, yen 3,800, kama shilingi elfu sitini na tano za Tanzania. Kwa hiyo siku nne nilizopanga zikawa tano.

Sasa kapsuli yenyewe. Viatu unavivua mlangoni unaviweka kwenye kikabati chenye ufunguo, na ufunguo huo unaukabidhi mapokezi. Unapewa mwingine wa kabati la nguo, pamoja na taulo na vazi jepesi la kulalia ambalo wageni wote huvaa, kwa hiyo ukipishana na mtu kwenye korido huwezi kujua ni mhasibu au ni msafiri kama wewe. Ghorofa ya kulala ina kapsuli zilizopangwa mbili mbili, moja juu ya nyingine, pande zote za korido. Yangu ilikuwa ya juu. Urefu wake ni kama mita mbili, upana na kimo kama mita moja. Ndani kuna godoro gumu kiasi, taa unayoweza kuipunguza, soketi, kifeni cha hewa na pazia la kushusha. Mlango hakuna, wala kufuli. Nilidhani nitabanwa na pumzi, lakini ukishalala, dari liko mbali vya kutosha na taa ni ya manjano laini. Nililala fofofo.

Hoteli ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, na aliyeichora ni msanifu majengo Kisho Kurokawa. Miaka saba kabla, alikuwa amejenga Tokyo lile jengo la Nakagin, mnara wa vyumba vilivyokaa kama masanduku yaliyobebanishwa, ambao ulibomolewa mwaka 2022. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini kapsuli zimedumu, tazama ratiba ya treni. Treni za Tokyo husimama kama saa saba usiku na kurudi barabarani kama saa kumi na nusu alfajiri. Teksi ni ghali. Mfanyakazi aliyekaa na wenzake mpaka treni ya mwisho ikamwacha anahitaji mahali pa kuoga na kunyoosha mgongo kwa saa tano tu. Kapsuli ilitengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo maana nasema ulichonunua pale si kitanda. Umenunua ruhusa ya kutokimbilia treni. Wageni wengi waliolala mbali, kwenye nyumba nzuri za wageni za upande wa Asakusa, wanauona usiku wa Shinjuku mpaka saa sita kasorobo, kisha wanaanza kutimua mbio kuelekea stesheni pamoja na jiji zima. Mimi nilikuwa naanza kutoka saa hizo.

Mwezi Novemba jua la Tokyo linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo usiku ni mrefu na una baridi. Kabukicho, mtaa ilipo hoteli, una wapiga debe wa baa kila kona, na vipaza sauti vya mtaani vinatangaza muda wote kwamba usimfuate mpiga debe yeyote. Vitii vipaza sauti. Nilitembea moja kwa moja hadi Golden Gai, dakika chache kwa mguu: vichochoro sita vyembamba, baa takribani 200, nyingi zina viti vya watu sita au saba tu. Vichochoro vingine mabega yangu na begi dogo vilikaribia kugusa kuta zote mbili. Baada ya vita kuu ya pili wachuuzi wa soko la magendo la Shinjuku walihamishiwa hapa. Miaka ya 1980, ardhi ya Tokyo ilipopanda bei vibaya sana, wahalifu walikuwa wakichoma majengo ili viwanja viuzwe kwa wajenzi, na waliolipenda eneo hili wakapokezana lindo usiku. Sungusungu, kwa kweli. Ukisimama pale, kati ya mbao kuukuu na nyaya za umeme, halafu ukainua macho uone maghorofa ya vioo yaliyolizunguka, utaelewa walikuwa wanalinda nini.

Mimi situmii pombe, na hili niliulizwa na watu kadhaa kabla ya safari: utafanya nini baa? Nilikunywa chai ya oolong ya baridi, ambayo kila baa inayo na hakuna aliyenishangaa. Bei yake inakaribiana na ya bia. Unalipia kiti, na kiti kina thamani. Baa nyingi zina malipo ya kukaa, kuanzia yen 500 hadi 1,000 au zaidi, na huandikwa mlangoni, kwa hiyo soma kabla ya kupanda ngazi. Mara nyingi utaletewa na kibakuli kidogo cha kitu cha kutafuna ambacho hukukiagiza. Hicho ni sehemu ya malipo, usikirudishe. Bakshishi hawapokei. Nilipoacha sarafu mezani, mzee mwenye baa alinifuata mpaka chini ya ngazi kunirudishia.

Baa yake ilikuwa na viti sita. Nilikaa kati ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ametoka kazini na vijana wawili wa Osaka. Kwenye nafasi ndogo hivyo huwezi kumkwepa mtu. Mtu akitaka kwenda msalani, wote mnasimama. Ndani ya nusu saa tulikuwa tunapitisha simu yenye programu ya kutafsiri kama watu wanaopokezana sahani, na yule mama akataka kujua kama huko kwetu kuna theluji. Nikamwonyesha picha ya Kibo. Akapiga makofi, akasema neno moja: "Kirimanjaro." Hakumaanisha mlima. Alimaanisha kahawa.

Ndiye aliyenielekeza, usiku uliofuata, kwenye mgahawa wa kahawa wa kizamani, ghorofa ya chini ya ardhi, unaofungwa alfajiri. Viti vya ngozi iliyopasuka, moshi wa zamani ukutani, sahani za santuri za jazi, na watu wazima wanaokaa kimya kusikiliza. Kwenye orodha, kati ya Brazil na Colombia, kulikuwa na Kilimanjaro, yen 900 kikombe. Japani hilo ndilo jina la kibiashara la kahawa yetu ya arabika, hata ikiwa imetoka Mbozi au Mbinga, mamia ya kilomita kutoka mlimani. Mimi nimezaliwa Mbinga. Mama yangu ana miti yake ya kahawa mteremkoni, anauza kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na nyumbani tulikunywa chai. Mzee wa kaunta aliimwagia maji taratibu sana, kidogo kidogo, macho hayatoki kwenye chujio, kwa muda wa kutosha wimbo mmoja kuisha. Ilikuwa na uchachu kidogo, safi, bila sukari, na nilikinywa kikombe kile saa 26 na nusu za usiku nikiwa nimekishika kwa mikono miwili. Nilinunua gramu 200 za kubeba. Nilipozifikisha nyumbani, mama alinusa, akasema wameikaanga vizuri, kisha akauliza bei ya kikombe kimoja. Nilimwambia. Alikaa na ule mfuko mapajani muda mrefu.

Vitu vingine vya njiani nitavitaja upesi. Mashine za kuuzia vinywaji zipo hata vichochoroni, na wakati wa baridi zile zenye kibandiko chekundu hutoa kopo la moto. Kuna hadi supu ya mahindi, na niliitumia kwanza kupasha vidole. Mlango wa teksi unajifungua wenyewe, usiuguse. Pembeni mwa Golden Gai kuna hekalu la Hanazono, na saa nane usiku watu waliovaa nguo za baa hupita pale, huinama, hupiga makofi mawili, huomba, huondoka. Sijaona mahali pengine usiku wa starehe na usiku wa ibada vikipakana kwa karibu hivyo.

Bafu la pamoja ndilo jambo la hotelini lililonifurahisha kuliko yote. Unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua na kujisuuza mpaka umalize povu lote, ndipo unaingia kwenye maji ya moto ya pamoja, bila nguo. Mtu mwenye mchoro wa tatuu aulize kwanza, maana mabafu mengi hayaruhusu. Nikirudi alfajiri, miguu imekufa ganzi, niliingia humo na baridi yote ikanitoka.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kukoroma kunasikika kutoka kapsuli zote kumi na mbili za korido yangu. Alamu za simu zinaanza kulia saa kumi na moja, na kuna mmoja aliyeacha yake ikalia dakika kumi. Hewa ni kavu, koo liliniwasha siku ya tatu. Kabati la nguo ni jembamba kama kitabu kilichosimamishwa. Begi langu halikuingia, likafungwa kwa mnyororo karibu na mapokezi pamoja na mengine, na kila nilipotaka soksi ilibidi nishuke. Lakini kilichoniudhi hasa ni kwamba hata kama umelipia siku tano mfululizo, saa nne asubuhi lazima utoke, na hurudi ndani mpaka saa tisa alasiri. Kwa hoteli iliyojengwa kwa ajili ya watu wanaorudi alfajiri, hilo ni kosa. Mtu aliyelala saa kumi na moja anaamshwa saa tatu na nusu kwa tangazo la dari. Siku ya nne nililala nimekaa kwenye treni ya Yamanote, ambayo huzunguka jiji kwa muda wa kama saa moja. Nilizunguka mara mbili.

Kwa hiyo nawapa nyota nne kati ya tano kwa siku mbili au tatu, na nyota tatu kwa zaidi ya hapo. Usafi ni wa daraja la juu, wahudumu wana subira, bei inafaa, na mahali penyewe hapana mpinzani kwa mtu anayetaka usiku wa Shinjuku mpaka mwisho wake. Dada zangu, kapsuli nyingi ni za wanaume tu. Tafuteni zile zenye ghorofa na lifti ya wanawake peke yake. Mwenye kuogopa kubanwa, au mwenye usingizi mwepesi, asijaribu. Njoo na vizibo vya masikio, chupa ya maji na begi lisilozidi lita arobaini. Na kama ndege yako inatua usiku, weka nafasi kuanzia tarehe ya jioni ile, hata kama utafika mapokezi saa 25.