Pampu ya mkono ya kutoa upepo kwenye klachi: nimeitumia kwenye Forester, inalipa

Wadau wa manual hii inawahusu. Nimechukua Gerezani, Dar, ile pampu ya mkono yenye geji, unaminya triga inavuta, na kikopo chake cha kukusanyia oili chafu ya klachi. Kazi niliyoinunulia ni kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye oili) kwenye klachi ya Subaru Forester turbo, ile SG5, na naisifia bila wasiwasi ila kuna mambo uyajue kabla hujatoa hela.

Anayeijua hii gari anajua masta ya chini (ile inayosukuma klachi) ilipokaa, juu ya gia boksi kule nyuma, halafu intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imelala juu yake imefunika kila kitu. Usihangaike kupenyeza mkono pembeni, toa intakula kabisa, ni bolti chache na klampu za mipira tu, ukishaitoa, ile nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini) unaiona kwa macho na spana inakaa vizuri. Na iwe spana ya ringi, siyo plaizi, maana nipo ikichubuka kule ndani ni msala mwingine kabisa.

Sasa pampu. Raha yake humtafuti mtu wa kukukanyagia pedali huku unapiga kelele kanyaga, shikilia, achia. Unachomeka mpira kwenye nipo, unaminya mpaka geji isome kama inchi 15 hadi 20 za zebaki (inHg, kipimo cha mvuto), unalegeza nipo robo mzunguko tu, oili inakuja yenyewe, mwanzoni nyeusi tii na mapovu makubwa makubwa, baadaye inaanza kuwa safi. Funga nipo kabla geji haijarudi sifuri. Na kila baada ya muda mfupi angalia kikopo cha oili cha masta ya juu (ile ya upande wa pedali), kwenye hii gari ni kidogo mno, kikikauka umevuta upepo mpya na kazi inaanza moja.

Kitu kinachowachanganya watu mpaka wanasema pampu ni mbovu: mapovu madogo madogo yasiyoisha. Yale mara nyingi hayatoki kwenye klachi, ni hewa inayopenya kwenye nyuzi za nipo ukishailegeza, pampu inaivuta nayo. Paka grisi kuzunguka shina la nipo kwa nje, yanapungua sana. Usisubiri yaishe kabisa, we sikilizia pedali, ikipanda vizuri na rivasi ikaingia bila kukwaruza basi umemaliza. Ikibaki laini kidogo malizia kwa kukanyaga kwa mguu mara kadhaa, upepo kwenye klachi ni mbishi kwa sababu wenyewe unataka kupanda na we unaulazimisha ushuke.

Ninacholalamikia ni mpira wake, mfupi na mgumu, kwenye nafasi finyu unajikunja halafu unachomoka. Nimeweka mpira laini unaoonyesha ndani, mrefu, pampu ikawa kitu kingine. Zile raba za kuunganishia zilizonyooka pia hazikai vizuri kule, tumia yenye kona. Na kifuniko cha kikopo cha pampu kaza sawasawa, kikilegea geji haipandi na utadhani pampu imekufa.

Oili weka ya breki, DOT 3 au DOT 4 ya chupa mpya, ile iliyokaa wazi inanyonya unyevu. Atakayekwambia weka ya pawa stelingi mkatalie, inavimbisha raba za masta zote mbili. Na hiyo ya breki ikidondokea kwenye rangi ya bodi mwaga maji hapo hapo, inakula rangi hiyo.

Ila kama pedali inarudi kulala baada ya siku chache, tatizo siyo upepo tena, funua kofia ya vumbi ya masta ya chini uangalie kama kuna unyevu. Ukiukuta badilisha raba za ndani siku hiyo hiyo intakula ikiwa bado iko nje, ndo uje na pampu.