Mwaka mmoja na GAMSTOP: tathmini ya huduma ya kujifungia kamari Uingereza

Nilijiandikisha GAMSTOP usiku wa siku ya mshahara, fedha ya kodi ya nyumba ikiwa imekwisha kuliwa na mikeka, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza ambao wamejaribu kuacha kubeti kwa nia peke yake wakashindwa. Huduma hii ni ya bure. Ilianza mwaka 2018, na tangu tarehe 31 Machi 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni ya huku hulazimika kujiunga nayo, kwa hiyo fomu moja humfungia mtu tovuti na programu zote hizo kwa pamoja, wala hana haja ya kuziandikia kampuni mojamoja ilhali nyingine mpya zinamwita kwa bonasi.

Mtu huchagua kufungiwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na akishathibitisha, muda huo haufutwi wala haupunguzwi hata akiomba vipi. Kwangu mimi thamani yote ya huduma imo katika sharti hilo. Katika mwezi wa pili, baada ya mechi moja niliyokuwa na hakika ningeshinda dau lake, nilikaa hadi usiku wa manane nikitafuta namna ya kujifungulia, na sikuipata. Laiti ingekuwapo, ningeitumia. Hata muda ukiisha kizuizi hakiondoki chenyewe, kwani ni lazima mhusika aombe kuondolewa, kisha asubiri saa 24.

Fomu yenyewe ni fupi, lakini sisi inatupasa kuijaza kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kampuni humtambua aliyejifungia kwa kulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, baruapepe na namba ya simu. Wengi wetu tuna majina matatu ambayo pasipoti imeyapanga hivi na benki vile, na tunahama vyumba mara kwa mara. Mimi nilisahau kuandika baruapepe yangu ya zamani, na kampuni moja ikaendelea kunitumia matangazo kwa wiki kadhaa hadi nilipoiongeza. Weka kila baruapepe uliyowahi kubetia, na kila uhamapo rekebisha anwani. Fahamu pia kwamba kizuizi huweza kuchukua hadi saa 24 kuanza kufanya kazi. Saa hizo mwachie simu mtu unayemwamini.

Upungufu wake mkubwa ni mipaka yake. Haifungi maduka ya kubeti ya mtaani, ambayo yana utaratibu wao wa kujizuia, wala haizuii tiketi za bahati nasibu dukani. Haizigusi kabisa kampuni zisizo na leseni ya Uingereza, zikiwamo za Kenya na Tanzania, na mwenye laini ya nyumbani iliyo na salio anaelewa hatari ninayoisema. Kwa hiyo nimeongeza Gamban, programu inayozuia tovuti za kamari kwenye simu na kompyuta, ambayo hutolewa bure kupitia mpango wa TalkBanStop. Nimewasha pia kizuizi cha kamari katika benki. Benki ya Monzo wanacho tangu mwaka 2018, na anayetaka kukizima husubiri saa 48, muda ambao kwa kawaida hamu huwa imepungua.

Jambo ambalo GAMSTOP haifanyi, wala haidai kufanya, ni kutibu. Mlango ulipofungwa nilibaki na madeni, aibu na usingizi wa mang'amung'amu, na aliyenisaidia hapo ni mshauri wa GamCare, shirika la hisani linalosaidia walioathiriwa na kamari, niliyempigia kwa 0808 8020 133, namba ya bure inayopokewa saa 24. Kwa hali nzito zaidi zipo kliniki za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, za uraibu wa kamari, ambazo ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 2008. Ningependa watu wetu wazifahamu mapema, kabla familia haijaanza kuchangishana kulipa deni la pili na la tatu.

Mwaka wangu uliisha mwezi uliopita. Sikuomba kufunguliwa, nimejiandikisha tena, mara hii kwa miaka 5, na mke wangu alikuwa ameketi kando yangu nilipokuwa nikijaza fomu.