BOSS BC-1X: kompresa iliyoshinda nafasi ya mwisho kwenye bodi yangu ya besi

Bodi yangu ya pedali, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa, ilibaki na nafasi ya pedali moja tu, na bendi nzima ilikuwa na maoni kuhusu kitu cha kuweka pale. Mpiga solo alitaka disto, ya kukwaruza sauti, eti besi ing'ate. Mpiga kinanda alisema wah, ile inayofanya sauti iseme "wa-wa". Mimi nilitaka kitu ambacho aliyekaa mezani na bia yake hatajua hata kama kipo: kompresa.

Sababu ni aina ya muziki tunaopiga. Mwisho wa wiki ni dansi na rumba, Jumapili ni kwaya, na gitaa langu ni la nyuzi 5. Kwenye ubeti wa rumba besi inatembea taratibu, vidole vinagusa tu. Likiingia sebene mambo yanageuka: gumba linapigilia nyuzi za chini, kidole cha shahada kinanyofoa za juu, na katikati yake kuna noti zilizozibwa ambazo ni mdundo mtupu. Hapo fundi mitambo anaona taa nyekundu kwenye miksa, anaishusha besi. Wimbo ukirudi kwenye kuimba, besi haipo. Naongeza sauti kwenye gitaa, naye anashusha tena, na mchezo huo unaendelea mpaka usiku wa manane.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, kompresa inafanya kazi hivi. Unaiwekea kiwango, na hiyo ndiyo nobu (kitufe cha kuzungusha) ya Threshold. Sauti iliyo chini ya hapo inapita kama ilivyo. Inayozidi inabanwa kwa uwiano uliouchagua kwenye Ratio. Ukiweka 4:1, ukivuka kiwango kwa desibeli 4 inatoka desibeli 1 tu juu ya kiwango. Release inaamua kompresa iachie haraka au taratibu baada ya kubana, na Level inakurudishia sauti iliyopungua. Hakuna uchawi mwingine.

Nilizipima tatu kwa umakini: BOSS LMB-3, MXR M87 na hii BC-1X. Zipo nyingine nyingi sokoni, lakini hizi ndizo nilizoweza kuzipiga kwa mkono wangu kwenye amplifaya ninayoijua. Kusikiliza video kwenye spika ya simu halafu ukachagua pedali ya besi ni kujidanganya: uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde na ule wa B mara 31 hivi, na simu haina uwezo wa kuzitoa sauti hizo.

LMB-3 ni ya zamani na wapiga besi wengi wanaifahamu. Ina Level, Enhance, Ratio na Threshold. Kazi yake hasa ni kuzuia sauti isivuke mpaka, na kwa hilo haina ubishi. Ile Enhance inanyanyua sauti za juu ili besi isikike zaidi. Kwa mtu wa slapu, yaani kupigilia nyuzi kwa gumba na kuzinyofoa, ni tamu. Kwangu ilinyanyua na mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi, nikawa naiacha chini kabisa. Sasa kama nobu moja kati ya nne siitumii, ya nini?

M87 ilinisumbua akili zaidi. Ina nobu 5: Attack, Release, Ratio, Input na Output, na safu ya taa inayoonyesha unabana kiasi gani. Haina Threshold, unaongeza Input mpaka ianze kubana, kama kompresa za studio za enzi zile. Attack ndiyo mali yake kubwa, kwa sababu unaweza kuachia ncha ya pigo ipite kwanza ndipo mkia ubanwe. Nikiwa nyumbani nimetulia nilipata sauti nzuri sana. Tatizo langu ni jukwaani, gizani, nobu tano ndogo zilizokaa karibu karibu na wimbo unaofuata umeshaanza. Mwenye subira ya kuipanga mara moja na kutoigusa tena, hiyo ndiyo pedali yake.

BC-1X ina nobu 4: Level, Release, Ratio na Threshold. Attack haipo, pedali inajiamulia yenyewe. Mwanzoni hilo lilinikera, nikaona kama nanyang'anywa usukani. Kilichonigeuza ni uzi wa B. Kompresa ya kawaida inasikiliza sauti nzima kwa pamoja, kwa hiyo noti nzito ya chini inapoingia inabanwa pamoja na kila kilicho juu yake, na besi inakuwa kama imefunikwa blanketi. BC-1X ni ya kidijitali na inaigawa sauti katika mafungu, kisha kila fungu linabanwa kwa mahitaji yake. Nilipiga B wazi kwa gumba, nikanyofoa oktava yake kwenye uzi wa A papo hapo. Noti ya juu ilitoka safi, haikuzama. Nikarudia huku naangalia kile kijisafu cha taa juu ya nobu: gumba likitua, taa zinaruka, kidole kikinyofoa, zinaruka kidogo tu na kurudi. Ile ya chini inashikwa, ya juu inaachwa ipumue.

Inatumia volti 9 lakini ndani inaupandisha umeme huo yenyewe, kwa hiyo hata besi yenye betri, inayotoa sauti kali, haiifanyi ipasuke.

Mpangilio wangu ni huu. Ratio iko chini kidogo ya katikati. Threshold naishusha mpaka taa zinaanza kucheza ninapopiga kwa nguvu ya sebene, ila kwenye ubeti zibaki kimya. Release katikati kabisa, mshale ukiangalia juu. Ukiipeleka taratibu mno, kwenye tempo ya sebene noti inayofuata inakuta kompresa bado imebana, na mdundo unakuwa mlegevu. Level napandisha mpaka pedali ikiwaka na ikizimwa sauti ya ubeti iwe sawa. Hapo kwenye Level ndipo wengi wanapodanganyika dukani: pedali ikiwashwa inakuwa na sauti kubwa zaidi, basi mtu anadhani ni nzuri zaidi. Sawazisha kwanza, ndipo uhukumu.

Nimeiweka baada ya tyuna, kabla ya pedali ya oktava (inayoongeza noti ya oktava) na ya korasi (inayoipa sauti upana), mwisho DI, kisanduku cha kupeleka besi kwenye miksa. Ikitangulia oktava kuna faida ambayo sikuitegemea: noti inakaa kwa muda mrefu bila kufifia, kwa hiyo oktava inaishika vizuri na haigugumii mwishoni. Kwenye noti za chini kabisa za uzi wa B oktava bado inayumba, na hilo kompresa haiwezi kulitibu.

Upande wa umeme, nisikilize. Inataka volti 9 DC, hasi katikati ya plagi, kama pedali nyingi. Adapta za bei poa za mitaani nyingine zina chanya katikati, na nyingine zinaleta mngurumo ambao kompresa inaukuza, maana ikipandisha sauti ndogo inapandisha na uchafu wake. Ukiagizia kwa mtu anayetoka Marekani, mwambie aache adapta ya huko. Ni ya volti 120, na soketi zetu zina 230. Nunua yenye njia zilizotengwa, kila pedali na yake. Na ukitumia betri, chomoa jeki ya INPUT ukimaliza kupiga, kwa sababu jeki hiyo ndiyo swichi. Ikibaki ndani, pedali inaendelea kula betri hata ukiwa umeizima kwa mguu.

Ninachokitamani ni nobu ya kuchanganya sauti iliyobanwa na ile halisi. Haipo, na kuna kompresa nyingine zenye nayo. Pia upana wa milimita 73 si mdogo. M87 ingeniachia nafasi kidogo.

Wiki ya kwanza ya kuipeleka kazini fundi mitambo hakujua chochote. Katikati ya onyesho nikamwangalia: mikono iko kifuani, besi haigusi. Wakati wa mapumziko akaniuliza, "Kaka, umebadilisha gitaa?" Mpiga solo mpaka leo anasema hasikii tofauti yoyote, na bado anadai disto. Nimemwambia atafute bodi kubwa zaidi, anunue na hiyo disto yake, mimi nitaikanyaga.