Amplifaya nzuri, kitufe kimoja kimenichosha

Sijaapa bado kwamba sitairudisha dukani. Amplifaya hii ya gitaa nilipoipeleka nyumbani, miezi kadhaa iliyopita, iliimba vizuri mno chumbani: besi juu, trebo (zile sauti nyembamba) juu, sauti za kati nimezikata karibu zote. Nzito na tamu. Nikaenda nayo mazoezini, dramu zikaanza, gitaa likapotea kabisa. Mpiga besi akanitazama kama vile nimesahau kuchomeka waya. Nikaongeza geini, kile kitufe cha kuikwaruzisha sauti, ikawa uji mtupu.

Nikarudi kwa muuzaji. Sikudai hela zangu, niliomba msaada. Hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Mashine ni nzima, kaka. Tatizo mikono yako." Mbele ya wateja! Nimepiga gitaa miaka mingi, mikono yangu naijua. Mtu akikuletea malalamiko, si uchomeke gitaa usikie kwanza?

Usiku ule sikulala. Niliweka besi, kati na trebo zote kwenye 5, geini nikaishusha hadi 3, kisha nikawa nagusa kitufe kimoja tu kila mara huku nikirudia kipande kilekile. Halafu nikaiondoa sakafuni, nikaipandisha kwenye kiti. Hapo ndipo niliposhtuka. Ilikuwa kali, inachoma! Kumbe siku zote spika ilikuwa inapigia magoti yangu. Trebo hutoka kwa mstari mwembamba mbele ya spika. Mimi niliyesimama juu yake siisikii, naiongeza, anayeumia ni aliyekaa mbele. Sakafu nayo huivimbisha besi. Tena volyumu ikiwa ndogo sikio huzisikia besi na trebo kwa unyonge, kwa hiyo kilichokaa sawa chumbani hufurika ukipandisha sauti.

Nikaishia besi 3, trebo 4, kati 7. Chumbani inakera, kama mtu anayeongelea puani. Mazoezini ikakaa mahali pake, juu ya besi na chini ya matoazi, kila noti inasikika. Ukipiga kwa nguvu inakwaruza kidogo, ukilegeza mkono inatakata. Machozi yalinilengalenga, nasema kweli.

Basi ni nzuri? Ni nzuri sana. Lakini hicho kitufe cha sauti za kati, nikikivusha tu kutoka 6 kwenda 7, kinafanya krrr na sauti inakatika, inarudi, inakatika. Palepale ninapopahitaji! Fundi alikifungua akapuliza dawa ya kusafishia, kikatulia siku chache, kikarudia. Dakika moja tu ya kusikiliza ingemtosha yule muuzaji kuligundua hilo, badala ya kunitukania mikono.

Nilitaka kuipa nyota nne, sasa naipa mbili. Hapana, tatu, maana jana usiku kitufe kilikaa kimya na gitaa likaimba hadi mpiga besi akaacha kupiga akasikiliza. Muuzaji yule simpi hata moja.