Uzoefu wangu na modemu ya USB: hitilafu 619 iliyonikalia wiki tatu

Nianze na kifaa chenyewe. Ni modemu ya 3G ya kuchomeka kwenye tundu la USB, yenye umbo la flashi, ambayo laini ya simu inakaa ndani yake. Kasi ya juu ya kupakua iliyoandikwa kwenye boksi ni megabiti 7.2 kwa sekunde. Nilipewa na dada yangu, ambaye aliitumia miaka kadhaa kwa laini ya mtandao mwingine. Haikuwa imefungwa kwa mtandao mmoja, kwa hiyo niliweka laini yangu, nikachomeka, taa ikawaka, nikaamini kazi imekwisha.

Kazi yangu ni kuandika maneno kutoka kwenye rekodi za sauti. Kila siku napakua mafaili ya sauti na kurudisha maandishi kabla ya saa niliyopewa. Bila intaneti sina kazi. Ndiyo maana wiki zile tatu ziliniuma sana, na ndiyo maana naeleza kila kitu hapa kwa yeyote anayepambana na jambo hili sasa hivi.

Nilikuwa nikibonyeza kuunganisha, modemu inapiga *99#, namba ya kuombea intaneti, kama kawaida, sekunde chache zinapita, halafu Windows inaleta hitilafu 619: muunganisho na kompyuta ya mbali haukuwezekana, kwa hiyo poti, yaani njia ambayo kompyuta inaongea na modemu, imefungwa. Mara nyingine ilikuja 628, kwamba kompyuta ya mbali imekata kabla muunganisho haujakamilika. Nilijaribu mara ishirini kwa siku, usiku wa manane na alfajiri, nikidhani labda mtandao umelemewa. Wapi.

Huduma kwa wateja nilipiga mara tatu. Wote walikuwa na adabu na sina kinyongo nao, lakini jibu lilikuwa moja: "Ndugu mteja, zima kompyuta, chomoa modemu, subiri kidogo, kisha washa tena." Wa tatu alikagua laini na kuniambia iko sawa na bando lipo. Hilo lilikuwa kweli, maana nilipohamishia laini hiyo kwenye simu, kurasa zilifunguka papo hapo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka mapema. Kama laini inafanya kazi kwenye simu na haifanyi kwenye modemu, tatizo haliko kwenye mnara wala kwenye salio. Liko kati ya modemu na kompyuta. Lakini mimi, badala ya kulifuata hilo, niliingia kwenye kufuta programu na kuisakinisha upya. Nilifanya hivyo mara nne, na draiva nikabadilisha mara mbili. Ni muda ambao siwezi kuurudisha.

Programu inayokuja na modemu hizi niiseme kidogo, maana na yenyewe ina mchango wake. Inajiwasha pamoja na kompyuta, inashika poti ya modemu, na haiiachii hata ukifunga dirisha lake. Ukijaribu kupiga kwa njia ya Windows yenyewe wakati ile programu iko nyuma ya pazia, unapata hitilafu 633, yaani modemu tayari inatumika au haijapangwa sawasawa. Wengi wakiiona 633 wanadhani modemu imeharibika. Haijaharibika, wapigaji wawili wanagombania simu moja. Niliizuia isijiwashe na kompyuta, nikatengeneza muunganisho wa kupiga ndani ya Windows, na 633 sijaiona tena. Lakini 619 ilibaki pale pale.

Kilichonifungua macho ni kuacha kuiuliza Windows na kuanza kuiuliza modemu yenyewe. Modemu hizi, hata hizi ndogo za USB, bado zinasikiliza amri zile zile zilizoanza na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, iliyopitisha biti 300 tu kwa sekunde kwenye waya wa simu. Kila amri inaanza na herufi AT, ambayo ni kama kumwambia mtu "tega sikio". Nilichukua PuTTY, programu ya kuandikia amri moja kwa moja kwenye poti, nikaangalia kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, modemu iko kwenye poti COM namba ngapi, nikafungua poti hiyo, nikaandika AT na kubonyeza Enter. Ikajibu OK. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilipata jibu lisilo la kukisia.

Nikaendelea. AT+CPIN? ikajibu READY, maana yake laini inasomeka na haidai namba ya siri. AT+CREG? ikajibu 0,1, na ile 1 ya mwisho inamaanisha imesajiliwa kwenye mtandao wake wa nyumbani. Ingekuwa 2 ningejua bado inatafuta mtandao, na 3 ni kwamba imekataliwa. AT+CSQ, amri ya kupima mawimbi, ikatoa 17. Kipimo hicho kinatoka 0 hadi 31, na 99 ni kwamba haijulikani. Ukitaka kukigeuza kuwa dBm, kizio cha nguvu ya mawimbi, zidisha mara mbili halafu toa 113, kwa hiyo yangu ilikuwa −79. Hayo ni mawimbi mazuri tu. Kumbe muda wote niliokuwa nazunguka na kompyuta chumba hadi chumba kutafuta mtandao, mtandao nilikuwa nao mkononi.

Kisha nikaandika AT+CGDCONT?, amri inayouliza modemu imehifadhi APN gani, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu. Jibu lilipotokea nilikaa kimya. Nafasi namba 1 ilikuwa na APN ya mtandao wa zamani, ule aliokuwa akiutumia dada yangu. Laini ilikuwa yangu, mtandao ulikuwa wangu, lakini kila nilipopiga *99# modemu ilikwenda kugonga mlango wa nyumba ambayo laini yangu haina ruhusa ya kuingia.

Na APN sahihi nilikuwa nimeiweka! Niliiandika kwenye ile programu ya modemu, herufi kwa herufi. Tatizo ni kwamba programu ile huituma APN kwa modemu pale inapopiga yenyewe. Ukipiga kwa njia ya Windows, APN ya kwenye programu haiendi popote, na modemu inatumia ile iliyomo ndani yake kwenye nafasi ya kwanza. Lakini hata kupitia programu ile ilikuwa ikigoma, na hilo lilinichanganya, mpaka nilipogundua kwamba nilitengeneza profaili mpya, yaani seti mpya ya mipangilio, bila kuifanya kuwa ndiyo ya kutumika. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikipiga. Kosa hilo ni langu, ila programu ingeweza kunionyesha waziwazi ni profaili gani inatumika.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: AT+CGDCONT=1,"IP","internet", na pale penye neno internet unaweka APN ya mtandao wako mwenyewe. Ili isipotee, nilifungua sifa za modemu ndani ya Device Manager, nikaenda sehemu ya Advanced ambako kuna kisanduku cha amri za ziada za kuanzishia, nikaubandika mstari ule ule. Kuanzia hapo Windows inautuma kila mara kabla ya kupiga. Jina la mtumiaji na neno la siri niliviacha wazi, kwa sababu mtandao wangu hauvidai. Nikabonyeza kuunganisha. Ikashika mara ya kwanza.

Jambo moja linaniudhi mpaka leo, nalo ni lugha ya ule ujumbe. "Kompyuta ya mbali" inakufanya ufikirie mitambo ya kampuni iliyoko kusikojulikana, na unakaa kusubiri wao watengeneze. Kwa modemu hizi za GSM na 3G, yule anayezungumza na Windows wakati wa kupiga ni modemu yenyewe. Mazungumzo ya PPP, lugha ya kuunganishia ya tangu enzi za simu za waya, yanaanzia kwenye kompyuta na kuishia ndani ya modemu, umbali wa kiganja. Modemu ndiyo inayokwenda kuomba njia ya data mtandaoni, na ikinyimwa inakata. Kwa hiyo ile kompyuta ya mbali ilikuwa mbele ya macho yangu. Laiti ningelijua hilo siku ya kwanza.

Furaha ilidumu siku tatu. Ugonjwa wa pili ulikuwa wa namna nyingine: intaneti inashika vizuri, napakua, halafu katikati ya faili inakatika, na nikijaribu kupiga tena napata 619 au 692, ambayo inadai kifaa chenyewe kina hitilafu. Nikichomoa na kuchomeka, inarudi. APN niliikagua, ilikuwa pale pale.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu langu lilikuwa mlio. Kabla ya kila kukatika, kompyuta ilitoa ule mlio wa kitu kilichochomolewa kwenye USB, na sekunde mbili tatu baadaye mlio wa kuchomekwa. Mimi sikuwa nimeigusa modemu. Intaneti haikuwa ikikatika yenyewe, modemu nzima ilikuwa ikizimika na kuwaka upya. Nikaanza kuangalia taa yake. Siku mbili nilifanya kazi jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye taa, na nikaona kwamba mara nyingi modemu huzimika muda mfupi baada ya taa kubadilika kutoka rangi ya 3G kwenda rangi ya 2G.

Sababu yake ni umeme. Kifaa cha 2G kwenye masafa ya GSM ya megahezi 900 kinaweza kurusha hadi wati 2 kwa mapigo mafupi, wakati cha 3G kwa kawaida hakizidi robo ya wati. Mawimbi ya 3G yakififia modemu inashuka 2G, inarusha kwa nguvu, inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Tundu la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampia 500. Lakini mimi sikuwa nimechomeka modemu kwenye kompyuta moja kwa moja. Niliipitisha kwenye kigawanyio cha USB kisicho na adapta yake ya umeme, na kigawanyio cha namna hiyo kinahakikishiwa miliampia 100 tu kwa kila tundu. Juu ya hapo niliunga waya mwembamba wa mita tatu ili modemu ikae dirishani. Nilihangaikia mawimbi mazuri kumbe nainyima chakula.

Niliondoa kigawanyio. Waya mrefu nikaubadilisha na mfupi, mnene, wenye vichwa viwili vinavyochomekwa kwenye matundu mawili ya kompyuta kwa pamoja ili umeme utoke kote. Pia niliiamuru modemu ishike 3G peke yake, jambo ambalo ile programu, nakiri, inalifanya vizuri. Ukiwa sehemu ambayo 3G ni dhaifu sana usifanye hivyo, maana utabaki bila mtandao kabisa. Kwangu imefaa. Huu ni mwezi wa pili na ule mlio sijausikia katikati ya kazi.

Je, modemu hii naipendekeza? Kifaa chenyewe ndiyo. Kimevumilia mikono miwili, kinashika mtandao vizuri, na kinajibu kila amri ya AT niliyokipa. Programu yake siipendekezi kwa mtu yeyote anayeweza kutengeneza muunganisho wa Windows mwenyewe. Huduma kwa wateja ingenipunguzia wiki mbili kama mtu mmoja tu angeniuliza: modemu hii ilitumika na laini gani kabla? Swali hilo naliuliza sasa kila ninapoombwa msaada, na mara kadhaa limetosha lenyewe.

Bado kuna kasoro moja. Kompyuta ikilala nikiwa nimeacha kazi, nikiiamsha modemu haijibu mpaka niichomoe. Nimezima ule mpangilio wa Windows wa kukata umeme kwenye matundu ya USB, ndani ya Power Options na pia kwenye Device Manager upande wa matundu yenyewe, na tatizo limepungua sana ingawa halijaisha. Kwa sasa, kabla sijafunga kompyuta, nakata muunganisho kwanza kwa mkono. Nikifanya hivyo, asubuhi inapiga na kushika bila kuchomolewa.